Jina Kapuni: Nauli ya Kurudi Hana, Harrier Anayo

Mwaka 2022 kuna posti moja ilipata likes za kutosha mjini. Mtangazaji mmoja wa zamani wa redio, jina kapuni, alijipiga picha Terminal 3 pale Uwanja wa Julius Nyerere, masanduku mawili pembeni, miwani usoni, na maneno mafupi: "Mwaka mmoja tu, nawaachia mji wenu." Alikuwa anakwenda Uingereza kusoma Masters. Ukitelezesha kidole unakutana na picha ya pili: Harrier nyeupe, imeoshwa mpaka inang'aa, imevishwa turubai jipya nusu, na maneno mengine: "Pumzika mpenzi, mama yako anarudi."

Watu wakatiririka. "Dada unajua kujipanga." "Wengine wakipata viza wanauza mpaka vijiko." "Hiyo ndo maana ya kuwa na kitu mjini."

Mwaka mmoja ule ulipita. Ukapita wa pili, na wa tatu. Masters iliisha, dada akabaki hukohuko, anafanya kazi ya kulea wazee, tena shifti za usiku. Na Harrier nayo imebaki palepale ilipoachwa: Kimara, nyumbani kwa mama yake, chini ya mwembe. Turubai limechanika mgongoni. Matairi mawili ya kushoto yamekaa chini. Kwa mujibu wa mtu wa karibu na familia, kuku wa jirani wameshaona huko chini ndiyo sehemu salama ya kutagia.

Mama mtu ana presha. Kila mwezi anakwenda kliniki, na kila mwezi anakwenda kwa bajaji. Kutoka mlangoni mpaka getini anajipinda kidogo, kwa sababu gari la mwanaye limebana njia.

Halafu akafariki bibi. Siyo bibi wa kusikia, ni bibi aliyemlea huyu dada tangu darasa la kwanza. Familia ikakodi Costa kwenda kuzika Lushoto. Harrier haikwenda, maana haikuwaka. Dada naye hakuja. Mazishi aliyaona kwenye simu ya mdogo wake, mtandao ukikatakata, mara sauti bila picha, mara picha bila sauti. Sababu aliyoitoa kwa wajomba ilikuwa fupi na ilikuwa ya kweli: "Sina nauli."

Sasa hapo ndipo pa kusimama kidogo. Nauli ya ndege ya kwenda na kurudi kati ya London na Dar haifiki hata robo ya bei ambayo Harrier ile ingeuzwa wiki aliyoondoka. Nauli alikuwa nayo. Alikuwa nayo mara nne na chenji. Ilikuwa Kimara, imefunikwa turubai.

Si yeye peke yake

Mtu asidhani hii ni stori ya staa mmoja. Pita Kimara, Tabata, Goba, Mbezi, Kigamboni, chungulia kwenye mageti. Hukosi gari limefunikwa. Ukiuliza unaambiwa "hilo la kaka, yuko Canada," au "la shemeji, yuko Dubai, anarudi mwezi wa kumi na mbili." Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka gani, hakuna anayejibu. Mjini kuna mamilioni ya shilingi yamelala chini ya maturubai, na wenyewe wako ughaibuni wanabeba boksi, wanagawana chumba watu watatu, wanahesabu senti.

Ukweli mchungu ni huu: anayeondoka kwa zaidi ya miezi michache na kuacha gari nyumbani hajaweka akiba. Amewaachia wazee wake mzigo, halafu ameupa mzigo huo jina la akiba. Auze. Kama kuuza hawezi, amkabidhi mtu kweli, kadi na kila kitu. Lakini hii habari ya "litunzeni tu mpaka nirudi" inawaumiza watu, na wanaoumia siyo waliopiga picha airport.

Gari halitunzwi, linaoza

Muulize fundi yeyote wa gereji ya mtaani, siyo lazima awe na diploma. Gari linaharibika kwa kutembea, ila kwa kulala linaharibika zaidi, na vibaya zaidi, kwa sababu hakuna anayeona.

Betri ndiyo ya kwanza. Hata gari likiwa limezimwa, alamu na saa vinanyonya moto taratibu, na ndani ya wiki kadhaa betri imelala. Petroli nayo haikai milele kwenye tangi. Baada ya miezi michache inaanza kupoteza nguvu na kuacha uchafu kwenye njia za mafuta. Matairi yanayobeba uzito sehemu ileile kila siku yanapata bapa. Mafuta ya breki yanavuta unyevu. Diski za breki zinapiga kutu. Mipira na sili zinakauka. Ongeza joto la Dar, hewa ya chumvi ya pwani, na mvua za masika, halafu fungua mlango uone ukungu kwenye viti na harufu inavyokupokea. Bado panya. Panya akishaingia kwenye boneti akajenga, nyaya za gari kwake ni chakula na godoro.

"Lakini mdogo wangu huwa analiwasha kila Jumapili." Sawa. Analiwasha dakika tano, linanguruma, anaposti status, anazima. Dakika tano hazirudishi moto uliotumika kuliwasha, na injini haijapata joto la kutosha kukausha maji kwenye ekzosi. Gari linataka litembee, lichemke, lishike breki, lizungushe matairi. Kuliwasha palepale ni sawa na mgonjwa kuamshwa kitandani ili asalimie wageni, kisha alazwe tena.

Na herufi nazo hazilali

Kuna kitu wauzaji wote wa magari Dar wanakijua na wasafiri wanajisahaulisha. Mjini gari linahesabiwa umri kwa herufi ya namba. Mnunuzi kabla hajauliza injini anauliza, "Namba gani?" Wapo waliopaki gari namba D ikiwa ndiyo habari ya mjini, leo vijana wanauliza namba E. Gari limepaki, lakini herufi hazijapaki. Kila mwezi unaopita, lile gari linazeeka machoni pa watu bila kutembea hata kilomita moja.

Kinachowadanganya wengi ni kwamba gari lililolala halitumi bili. Zamani kulikuwa na ada ya kila mwaka, ile iliyoitwa rodi laisensi mtaani, na mtu alikuwa anaumia kuilipia gari asilolitumia. Mwaka 2017 ikafutwa, mzigo ukahamia kwenye bei ya mafuta. Tangu hapo mtu anaona gari lisilonunua mafuta halimgharimu kitu. Halimgharimu vipi? Chukua gari la milioni 10 tu. Hela hiyo ikiwekwa mahali pa kuzaa hata asilimia 10 kwa mwaka, ni milioni 1 kila mwaka. Miaka mitatu, milioni 3 zimekwenda, na gari lenyewe siyo la milioni 10 tena. Hiyo ndiyo bili. Haiji kwa bahasha, lakini inalipwa.

"Nimempa mshkaji apige hesabu"

Wajanja watasema wao hawapaki. Wao gari wanalitia kazini, liingize hela. Haya, sikiliza ya kijana mmoja wa Tabata aliyepata kazi ya ulinzi Qatar, mkataba wa miaka miwili. Alikuwa na IST yake safi. Akamwachia rafiki yake wa damu, aliyesoma naye sekondari, aiingize kwenye teksi za kuita kwa simu, hesabu kila wiki.

Mwezi wa kwanza hesabu ilikuja kamili. Wa pili ikaja nusu, na maelezo. Wa tatu yakaja maelezo matupu. Shoo apu, plagi, "ndugu yangu hali ya mji siyo." Kila alichoambiwa kimeharibika alikilipia kutoka Doha, maana atakataaje wakati haoni? Halafu ikaja simu ya usiku. Gari limegongana na pikipiki maeneo ya Ubungo. Aliyekuwa kwenye pikipiki alivunjika mguu. Na hapo ndipo kijana alipojifunza kitu ambacho angejifunza kwa kusoma karatasi yake mwenyewe: bima aliyokata ilikuwa ya gari binafsi, na gari lilikuwa linabeba abiria wa kulipa. Kampuni ikakataa.

Rafiki akazima simu. Waliotafutwa ni wazazi wa mwenye gari, kwa sababu kadi ina jina la mtoto wao. Mzee wa watu, mstaafu, akawa anakwenda hospitali na matunda kuomba radhi kwa ajali ambayo hakuendesha, ya gari ambalo hajawahi hata kuketi kiti cha mbele. Kijana yuko Doha, anasimama mlangoni kwa watu masaa kumi na mbili, mshahara unarudi Dar kutibu mguu.

Hata bila ajali, mambo ya gari yanafuata namba. Faini ya trafiki inaandikwa kwa namba ya gari. Ushuru wa maegesho unadai namba ya gari. Aliyekula bata na gari hajulikani kwenye mfumo. Anayejulikana ni aliye kwenye kadi. Mtu anaweza kukaa ughaibuni mwaka mzima anajisifu ana gari linalomwingizia, siku akiingiza namba kwenye mfumo anakuta faini zimejipanga mstari kama foleni ya mwendokasi.

Tatizo siyo gari, ni aibu

Kwa nini basi watu wenye akili zao, wenye digrii, wanafanya hesabu mbovu kiasi hiki? Kwa sababu mjini gari siyo chombo cha usafiri. Ni cheti. Ukiwa nalo umefika, ukiuza umefulia. Mtu akitangaza anauza gari, DM ya kwanza haiulizi bei, inauliza, "Vipi tena, kuna nini?"

Kuna dada mwingine, naye jina kapuni, alikuwa anapamba maharusi pale Sinza, wateja wengi, mkono mzuri. Alipopata safari ya kumfuata mume wake Marekani, aliuza Vitz yake miezi miwili kabla. Hakuuza kwa dhiki, aliuza kwa mpango. Mitandao ilimla mbichi. "Kauza gari apate nauli." "Huyo mume angekuwa nazo asingeuza Vitz." Wapo waliokuwa wanapambwa naye bure ambao walicheka kwa sauti kuliko wote.

Ile hela ilikwenda wapi? Sehemu alimchimbia mama yake kisima Chanika. Sehemu aliweka kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, anatazama salio kwenye simu akiwa hukohuko. Na sehemu ndogo aliiweka kando akaipa jina: "ya dharura nyumbani." Baba yake alipougua, alikuwa Dar ndani ya siku nne. Alikaa naye wiki mbili, akamlisha uji kwa mkono wake. Hakuna aliyemuuliza umekuja na gari gani.

Sasa linganisha. Mmoja alichekwa wiki mbili, akapata wiki mbili na baba yake. Mwingine alipongezwa usiku mmoja, akamzika bibi yake kwenye skrini.

Mama anaposema lisiuzwe

Kuna hoja moja ya upande wa pili yenye uzito, na si haki kuipita kimyakimya. Pale Kimara, aliyekataa Harrier isiuzwe siyo binti. Ni mama. Mdogo mtu alishapendekeza mapema kabisa, mwaka wa kwanza ulipoisha. Mama akamjibu, "Likiondoka hilo gari, majirani watasema mwanangu harudi tena."

Hapo hakuna wa kumcheka. Kwa mama, ile Harrier siyo chuma. Ni ahadi. Akiamka asubuhi akaliona liko pale, basi binti yake bado ni mtu wa pale. Ndiyo maana analifagilia majani ya mwembe, ndiyo maana anafukuza watoto wasichore kwenye vumbi la kioo.

Lakini mtoto mwenye mapenzi hawezi kuiacha ahadi yake mikononi mwa turubai. Mtu harudi kwa sababu gari lake liko nyumbani. Anarudi kwa sababu ana nauli, ana likizo, na ana hamu. Lile gari lingeuzwa mapema, mama angemwona binti yake kwa macho Krismasi ya kwanza, angemshika, angemkuta amekonda au amenenepa. Majirani wangesema nini zaidi ya hapo? Gari lililokaa miaka mitatu bila mwenyewe haliwaambii majirani kwamba anarudi. Linawaambia, kila siku, kwamba hajarudi.

"Nikirudi nitanunua wapi kwa bei ile?"

Hii nayo inasemwa sana. Dola inapanda, ushuru mkubwa, magari Bongo hayashuki bei kama Ulaya, ukiuza leo kesho hulipati. Ni kweli kwamba gari zuri Bongo linashikilia bei. Lakini ni gari linalotembea ndilo linaloshikilia. Gari lililolala miaka mitatu likiamka linataka betri, matairi manne, breki, mafuta yote, pampu, na dua. Ukimaliza kulitibu, umenunua gari lako mwenyewe mara ya pili.

Na wapo ambao kuuza kwao si lazima. Anayekwenda miezi mitatu, minne, kozi fupi, matibabu, aache gari. Atoe dokezo kwa fundi, litembezwe kweli barabarani, bima iwe hai. Mwenye mke au mume anayebaki na analiendesha kila siku, hilo halijaachwa, hilo linatumika. Na mwenye mdogo wake anayemwamini, ampe. Ampe kabisa, wakabadilishe kadi TRA, lisomeke jina lake, faini zake, bima yake, matairi yake. Kumpa mtu gari bila kadi ni kumpa kazi ya udereva isiyo na mshahara na kujiachia wewe kesi.

Kinachokataliwa hapa ni kile cha katikati. Halitumiki na haliuzwi. Siyo la mama lakini analilinda. Siyo la mdogo lakini analiwasha. Mwenyewe yuko mbali na ufunguo mmoja kwenye droo, anauangalia akijisikia mtu wa mjini.

Anayeuza aanze mapema. Dalali akishajua unaondoka Jumamosi, bei inaandikwa na dalali. Miezi miwili kabla, gari likiwa linatembea na linang'aa, bei ni yako. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya mwanasheria, na jina libadilishwe kwenye kadi kabla hujapanda ndege, siyo "tutabadilisha baadaye". Gari uliloliuza likabaki na jina lako ni balaa kuliko ulilolipaki, maana hulioni, huliwashi, na bado ni lako siku likifanya tukio. Ukishafika huko, kuliuza kwa mbali kunataka hati za uwakilishi, mihuri, na ndugu wa kukimbia ofisi moja hadi nyingine. Yaani mzigo unarudi palepale, kwa waliobaki.

Turubai likainuliwa

Mwezi uliopita, kwa mujibu wa mtu wetu wa karibu na familia, dalali mmoja alipita pale Kimara. Mdogo mtu ndiye aliyemwita, bila kumwambia dada yake. Dalali aliinua turubai, akachungulia matairi, akafungua boneti, akaifunga. Akataja bei.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kadi ya kliniki mkononi, bajaji inamsubiri nje. Aliisikia ile bei. Hakusema kitu. Alijipinda pale getini kama kawaida, akapita, akapanda bajaji yake akaenda zake.

Jioni binti alipiga simu kutoka Uingereza, kabla hajaingia shifti. Aliuliza habari za presha, akauliza mvua, akauliza na gari lake linaendeleaje.

"Lipo," mama akajibu. "Linakusubiri."

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mwenye gari lake chini ya mwembe wa mama, au anayelinda la kaka yake mwaka wa nne huu, atiririke hapo chini. Majina yabaki kapuni.